Nyayo Zilizosimama Juu ya Vaumeille

Maiti ilikuwa imekaa kitako.

Ndivyo ilivyoonekana kutoka angani: mtu mwenye koti la rangi ya chungwa, ameketi chini ya genge la mlima Vaumeille, mgongo umeegemea theluji, uso umeelekea bondeni. Ungedhani amechoka tu, ameamua kupumzika na kutazama mandhari. Rubani wa helikopta alimzunguka, akamzunguka tena, ndipo akasema kwenye redio, "Huyu hayupo tena."

Inspekta Edwige Follonier alishushwa kwa kamba. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mpelelezi wa polisi wa jimbo la Valais, mzaliwa wa bonde hilihili ingawa kazi ilimhamishia mjini Sion zamani. Buti zake zilipogusa theluji, helikopta ikapaa na kelele zote zikaondoka nayo. Akabaki na Sajini Cyprien Vuignier wa kikosi cha uokoaji, na marehemu, na ukuta wa mwamba uliopanda juu yao mpaka shingo ikagoma kuufuata.

Kwa pumzi chache alisahau kilichomleta. Jua lilikuwa limegusa kilele tu. Mwanga ulikuwa ukiteremka ukutani taratibu, dhahabu juu, buluu chini, na kila mahali ulipofika, chembe za barafu ziliachia mwamba zikaelea hewani bila kuanguka.

"Afande," Cyprien aliita. "Umeganda?"

"Natazama."

"Mlima haukimbii. Na huyu naye mbio zake zimekwisha."

Marehemu alikuwa Reinhard Imseng, mwenye umri wa miaka sitini, mkazi wa upande wa bonde wanakosema Kijerumani. Siku mbili kabla, alikuwa mteja katika msafara wa kiongozi Aurèle Gaspoz, waliopanda Vaumeille kwa ski, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini. Alasiri ile Gaspoz alipiga simu: mteja ameanguka. Ukungu ukazuia helikopta. Kesho yake ukavuma upepo usioruhusu hata kunguru kuruka. Leo ndiyo mbingu imefunguka.

Maelezo ya Gaspoz yalikuwa mafupi. Imseng aliteremka upande usiofaa, akakanyaga roshani ya theluji, ule ukingo ambao upepo huujenga ukaning'inia nje ya mwamba bila kitu chini yake. Ukavunjika naye.

"Ajali," Cyprien alisema. "Hakuna msimu unaopita bila moja."

Edwige alipiga magoti kando ya maiti. "Mbona ski hazijatoka miguuni?"

Cyprien aliinama. Kicheko kilichokuwa mdomoni kikapotea. "Loki ya mbele imefungwa. Kisigino kiko huru. Hivi ndivyo tunavyofunga tunapopanda."

"Tukiteremka?"

"Tunabana kisigino, tunafungua loki, ili ukianguka ski ichomoke isikuvunje mguu."

Edwige alipangusa theluji chini ya ski moja. Ngozi ya kupandia, ule ukanda wa manyoya unaozuia ski isirudi nyuma mlimani, ilikuwa bado imebandikwa. Kwenye ski ya pili vilevile.

"Nani anateremka na ngozi?" aliuliza.

"Anayetaka kuchekwa na kijiji kizima."

Alimvua marehemu glovu moja kwa uangalifu. Chini ya kucha mlikuwa na mchanga. Mchanga laini, wa kijani kibichi, ukimetameta kidogo. Edwige alitazama pande zote. Theluji, barafu, mwamba wa kijivu. Hapakuwa na kitu cha kijani mpaka chini kabisa kwenye misonobari.

Akauchokoa kwa ncha ya kibano, akautia kwenye mfuko wa vielelezo.

*

Daktari wa uchunguzi wa maiti hakuchukua muda. "Kafa kwa kuanguka. Papo hapo. Hakupigwa, hakukabwa, hakuna jeraha la kabla."

"Alisukumwa?"

"Mwili haunambii hivyo."

Mtaalamu wa maabara alikuwa na la kusema zaidi. "Huu ni mchanga wa kloriti, Inspekta. Haukai nje. Hukaa ndani ya mapango ya fuwele. Fuwele zinakuwa zimezama humo kama mayai kwenye pumba."

Mkoba wa marehemu ulithibitisha. Ndani yake mlikuwa na nyundo, tindo mbili za chuma na matambara mengi safi ya kufungia vitu visivunjike. Imseng alikuwa mwindaji fuwele, na si mdogo. Kila jumba la makumbusho kutoka Bern hadi Milano lilikuwa na jiwe lililopitia mikononi mwake.

Basi kwa nini mtu aliyezunguka milima peke yake maisha yake yote akajiunga na msafara wa siku moja, kama mtalii?

Edwige alianza na mteja mwenzake. Nadège Rochat, nesi wa chumba cha upasuaji kutoka Lausanne, alikuwa bado kijijini Praz-Louvin, amekaa kwenye kituo kidogo cha polisi, kikombe cha chai mkononi.

"Wewe na marehemu mlikuwa mnajuana?"

"Tulijuana asubuhi ileile. Aliniazima mafuta ya jua."

"Mtu wa namna gani?"

"Mchangamfu. Mwongeaji. Alinionyesha picha za mjukuu wake hata kabla hatujavaa ski."

"Mlifika wapi pamoja?"

"Kwenye kipito cha juu, pale njia inapovuka mgongo wa mlima. Tukala mkate na jibini. Halafu ukungu ukapanda kutoka bondeni, ghafla, kama maziwa yanavyofurika sufuriani. Bwana Imseng akasema anakwenda haja nyuma ya mawe. Hakurudi."

"Kiongozi akafanya nini?"

"Alituambia tumsubiri. Aliita, hakujibiwa. Akamwambia binti yake, Solène, anishushe mpaka kibanda cha wapandaji, yeye akabaki kumtafuta."

"Mlisikia chochote?"

Nadège aliweka kikombe mezani. "Mtanicheka."

"Sicheki kazini."

"Kengele. Ting. Halafu kimya. Halafu ting. Ndani ya ukungu. Nikasema, kanisa la kijijini hilo. Solène akacheka, akaniambia dada, kanisa liko chini huko, hulisikii kutoka hapa. Halafu akaacha kucheka."

"Na baba yake?"

"Aligeuka kama mtu aliyeitwa jina lake."

Edwige aliandika. "Aliporudi kibandani?"

"Alitumiminia chai, nusu ikaenda mezani. Nimewaona madaktari wakitoka chumba cha upasuaji baada ya mgonjwa kufa mikononi mwao. Sura ilikuwa ile. Hapana..." Nadège alitikisa kichwa. "Ilikuwa karibu na ile. Sijui tofauti yake ni nini."

*

Aurèle Gaspoz aliingia akiwa amevua kofia. Bonde zima lilimjua. Alikuwa ametoa watu kwenye nyufa za barafu, amebeba mgongoni waliovunjika, amefundisha nusu ya kijiji kupanda. Edwige mwenyewe, akiwa msichana wa shule, alijifunza kwake kuweka mguu mmoja mbele ya mwingine kwenye mteremko bila kuogopa.

"Kaa, Mzee Aurèle."

"Umekua mkubwa, Edwige."

"Inspekta."

"Inspekta," alikubali, bila kinyongo.

"Imseng alianguka akiteremka?"

"Akiteremka."

"Ngozi zilikuwa chini ya ski."

"Labda alisahau."

"Na loki ya mbele?"

"Labda alisahau."

"Mteja anasahau vyote viwili na wewe unamtazama?"

"Kulikuwa na ukungu, Inspekta."

"Ulimwona akianguka?"

"Nilisikia. Theluji ikivunjika haina mfano. Ni kama mlima umevuta pumzi."

"Na kengele? Uliisikia?"

Macho yake ya kijivu hayakusogea. "Hakuna kengele kule."

"Imseng alikuwa na mchanga wa fuwele kwenye kucha. Kuna pango Vaumeille?"

"Milima hii ina mashimo mengi."

Edwige alifunga faili. "Kesho utanipandisha. Njia ileile, vituo vilevile. Na Solène aje."

"Unanitaka mimi?"

"Nani anaujua mlima ule kuliko wewe?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa swali la kawaida. "Hakuna."

Alipotoka, Cyprien alifunga mlango akaja juu. "Afande, unampa mshukiwa kamba yako mwenyewe?"

"Nawe utakuwa nyuma yangu."

"Hongera kwangu. Nitakuwa wa pili kufa."

"Hapa kwenye kiti atasema 'labda' mpaka tuzeeke. Nataka nimwone akitembea."

*

Walianza kabla jua halijatoka. Kwanza Aurèle alisimama njiani, kila mmoja akapita mbele yake, naye akasikiliza kama kifaa cha kutafutana kilichofungwa kifuani mwa kila mtu kinalia. Cha Edwige kililia. Akaitikia kwa kichwa. Alifanya hivyo bila haraka, na Edwige akajiuliza kama kweli mtu huyu anaweza kumpoteza mteja.

Wakaingia misonobarini. Solène alimfuata baba yake, msichana wa miaka ishirini na saba aliyekuwa karibu kuhitimu ukiongozi. Kisha Edwige. Cyprien mwisho, akilalamika juu ya kila kitu isipokuwa mlima.

Msitu uliisha, na ulimwengu ukafunguka.

Edwige alikuwa amesahau. Miaka ya ofisini ilikuwa imemfutia kabisa jinsi weupe unavyoweza kuwa na rangi. Kwenye mikunjo ya kivuli theluji ilikuwa zambarau. Kwenye matuta ilikuwa ya waridi. Na mto wa barafu upande wa pili ulining'inia kati ya vilele viwili, wa kijani cha chupa, umepasukapasuka, kimya kabisa. Hewa ilikuwa kavu hata pumzi ikalia puani. Hapakuwa na sauti nyingine ila ngozi za ski zikisugua theluji, shaa, shaa, watu wanne kwa mdundo mmoja.

Na njia ya Aurèle! Alichora mlimani mstari mpole usiopanda sana wala kulala, akizunguka kila hatari kabla hujaiona. Ulipandishwa bila kujijua. Edwige alihisi anabebwa.

"Inspekta, kisigino kinauma?" Solène aliuliza bila kugeuka.

"Hakiumi."

"Unachechemea lakini."

"Ni mtindo wa mjini."

Solène alicheka. Edwige akaitumia nafasi. "Ile kengele. Wewe ulifikiri ni nini?"

Kicheko kikakatika. Solène alikaza mkanda wa fimbo yake ya ski ambao haukuwa umelegea. "Sikufikiri kitu."

Juu yao, Aurèle hakugeuka, lakini shaa, shaa yake iliruka pigo moja.

Walifika kwenye kipito. Walikula nyama kavu na mkate mweusi pale msafara ule ulipokula, migongo upepo ulikotoka. Kisha Edwige akasimama, akaenda nyuma ya mawe, alikokwenda Imseng. Akasita.

"Cyprien. Njoo uone."

Nyayo zilikuwa zimesimama.

Upepo uliozuia helikopta ulikuwa umezoa theluji yote nyepesi kwenye bega lile la mlima. Lakini pale palipokanyagwa, theluji ilikuwa imeshindiliwa ikawa ngumu, na upepo haukuiweza. Basi badala ya kufukiwa, njia za ski zilikuwa zimebaki juu, zimeinuka kiganja kizima kutoka ardhini, kama reli nyeupe. Alama za fimbo zilisimama kandokando kama vifungo vya shati. Mtu aliyekufa alikuwa ameacha safari yake imechongwa, na jua lilikuwa likiing'arisha.

Cyprien alivua miwani. "Sijawahi kuiona iliyokamilika hivi."

"Reli pana ni za nani?"

"Ski za Imseng. Pana, za kizamani. Zile nyembamba ni za Mzee Aurèle."

Edwige alizifuata kwa macho. Reli pana ziliondoka kwenye mawe, zikapanda mpaka kwenye kundi la miamba. Hizo zilikuwa za kwenda. Reli nyembamba zilizifuata hadi palepale. Miguu ya Aurèle ilikuwa imesimama pale kwa muda, theluji ilikuwa imekanyagwa mahali pamoja mpaka ikawa kigoda. Kisha nyembamba zikarudi kipitoni kwa njia ileile.

Pana hazikurudi. Zilitoka miambani zikashika upande wa kulia, zimenyooka kama kamba iliyovutwa, mpaka kwenye ukungu mwembamba ulioanza kujikusanya ukingoni.

Alianza kuzifuata kwa ski zake, akitazama chini. Kilichomshangaza kilikuwa utulivu wake. Mtu aliyepotea ukunguni hutapatapa. Anasimama, anapapasa kwa fimbo, anakwenda upande, anarudi. Imseng hakusita hata mara moja. Hatua sawa, fimbo sawa. Alikuwa ametembea kama mtu anayejua anakokwenda. La. Kama mtu aliyeambiwa.

Ukungu ulimfunika taratibu, nao ulikuwa mzuri kupita kiasi, mweupe ndani ya mweupe, na jua liko humohumo ndani yake, bila juu wala chini. Nyayo zilizosimama zilikuwa kitu pekee duniani. Edwige hakujua, hata baadaye alipoandika ripoti hakujua, kama alikuwa anapeleleza au amejisahau.

"Simama!"

Sauti ilitoka nyuma yake, kali, ya miaka yake ya shule. Miguu ilitii kabla ya akili.

"Usisogee. Usigeuke. Rudi kinyumenyume kwenye nyayo zako. Mguu wa kushoto. Taratibu, binti. Sasa wa kulia."

Alirudi. Ukungu ulipasuka kidogo mbele yake, na hatua chache kutoka ncha za ski zake akaona reli mbili zikiishia hewani. Chini ya hapo palikuwa na bonde zima, buluu, na kivuli cha ndege kikipita juu ya misitu.

Aurèle alikuwa amemfikia. Alikuwa amemshika mkoba kwa nyuma kwa mikono miwili.

"Ulijuaje ukingo uko wapi?" Edwige aliuliza. "Huoni kitu."

"Siuoni. Naujua."

"Na siku ile uliujua?"

"Niliujua."

"Ukanyamaza?"

Alimwachia mkoba. "Sikunyamaza, Edwige. Ingekuwa heri ningenyamaza."

*

"Una haki ya kutosema chochote," Edwige alimwambia. "Lolote utakalosema litaandikwa."

"Njooni kwanza muone. Sitaki kulisema hapa nje."

Kwenye kundi la miamba kulikuwa na ufa ambao Edwige angeupita mara mia asiuone. Waliingia kwa magoti, Cyprien akipumua kwa shida kwa sababu ya tumbo lake, Solène mwisho, akilia kimyakimya. Mchanga wa kijani ulikuwa sakafuni. Kisha dari ikainuka.

Aurèle hakuwasha taa. "Subirini," alisema.

Walisubiri gizani. Jua lilipotoka kwenye ukungu, mshale mmoja wa mwanga uliingia ufani, ukagusa ukuta. Na ukuta ukawaka.

Fuwele zilikuwa kila upande. Nyembamba kama vidole vya mtoto, nene kama mapaja, zimeota kutoka juu, chini, pembeni, safi hata hukuweza kuona zinapoanzia. Mwanga uliingia katika moja ukatokea katika nyingine, ukagawanyika, ukakimbia pangoni mpaka ndani kabisa, mahali ambapo Edwige alidhani ni mwisho wa mwamba na kumbe ni mwanzo wa chumba kingine. Cyprien, ambaye hakuwahi kukosa neno, alivua kofia ya chuma akaishika kifuani.

Karibu na mlango, fuwele moja kubwa ilikuwa imekatika. Kipande kilikuwa mchangani, na kovu lake lilikuwa jeupe, kama meno.

"Nilikuwa kijana," Aurèle alisema. "Dhoruba ilinikuta juu, peke yangu, miguu imekufa ganzi. Nikatumbukia humu. Nikajua nitakufa. Asubuhi jua likaingia kama hivi. Sikuweza kufa tena. Nilikuwa na jambo la kutazama. Mpaka wakanipata bondeni nikitambaa, nikawaambia nililala nyuma ya jiwe. Sikumwambia mtu. Hata mke wangu. Solène nilimleta mwaka jana tu."

"Imseng alijuaje?"

"Kiangazi. Theluji siku hizi inayeyuka mpaka mahali ambapo haikuwahi. Mchanga wa kijani ulichuruzika nje, akauona kwa mbali. Alikuja kwangu akaniuliza, nikamwambia hakuna kitu. Akaniamini kama wewe ulivyoniamini kwenye kiti kile. Basi wakati wa baridi akajiandikisha kwenye msafara, kwa jina lake, bila kujificha. Nilifikiri ameshasahau. Kumbe alitaka nimpandishe salama mpaka mlangoni."

"Na kengele?"

"Nyundo," Solène alijibu badala ya baba yake. "Fuwele ikigongwa inalia hivyo. Nilijua. Pale pale nilijua, Inspekta, nikamshusha dada Nadège huku nimefunga mdomo."

Aurèle aliendelea, akitazama kipande mchangani. "Nilimkuta amepiga magoti hapo. Nilimsihi. Nilimwita ndugu yangu. Hakuwa mtu mbaya, hilo liandikeni. Alikuwa analia machozi kwa jinsi palivyo pazuri, huku anapiga nyundo. Aliniambia, 'Gaspoz, wewe unamfichia nani? Vitu hivi viwekwe mjini, watoto wavione. Mjukuu wangu avione. Wewe umekaa navyo peke yako maisha mazima, huoni ni uchoyo?' Nikakosa jibu. Na hata sasa sina. Ndipo hii ikakatika."

Mwanga ulikuwa umeanza kuhama ukutani.

"Alifunga vyombo, akasema atarudi na wenzake wiki ijayo. Tukatoka. Ukungu ulikuwa mzito, upepo unaanza kufuta njia. Akaniuliza, 'Nirudi nilikojia?' Nikamwambia hapana. Nikamwambia theluji pale imeshajaa, itaporomoka, usivue ngozi, pita kulia, ni tambarare, nyoosha tu, nakuja nyuma yako. Akasema asante."

Cyprien alitazama chini.

"Maisha yangu yote," Aurèle alisema, "nawaambia watu kulia, kushoto, simama, nenda, nao wananiamini kwa sababu hawaoni na mimi naona. Sikumgusa. Nilimpa neno tu. Nilisimama nikaisikiliza fimbo yake ikienda, sawa sawa, bila hofu. Nilikuwa na nafasi ya kuita. Hata baada ya neno lile nilikuwa na nafasi. Leo nimeita, umeona. Siku ile sikuita."

"Kwa nini leo?"

"Ulikuwa unatembea kama yeye. Unaniamini."

Edwige alitaka kusema hakuwa akimwamini, kwamba alikuja kumkamata. Lakini alikumbuka miguu yake ilivyotii. Akaacha.

"Nakukamata kwa kumuua Reinhard Imseng," alisema.

"Ndiyo."

"Na pango hili ni eneo la tukio. Nitalipima, nitalipiga picha, nitaliandika mahali lilipo. Waendesha mashtaka watakuja, mawakili watakuja, magazeti yatakuja. Siwezi kulificha."

Kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulivunjika. Alikuwa amelijua hilo, ilionekana, tangu sauti ya theluji ilipovuta pumzi. Lakini kulijua ni jambo moja, na kuambiwa mbele ya fuwele ni lingine. Aliweka kiganja juu ya ile iliyokatika, pale kwenye kovu.

"Basi mwiteni mkewe Imseng," alisema hatimaye. "Na yule mjukuu wake. Waje kabla ya wengine."

*

Nje, ukungu ulikuwa umeondoka. Milima ilikuwa imesimama yote, safu nyuma ya safu, mpaka Italia, na jua la mchana lilikuwa limeanza kulainisha theluji ya miteremko inayotazama kusini. Haikufaa kukawia.

Wakavua ngozi, wakabana visigino. Cyprien alizitoa pingu mfukoni, akazitazama, akamtazama Edwige.

"Atateremkaje na pingu?" Edwige alisema. "Zirudishe."

Kwa mazoea ya miaka yote Aurèle alisogea mbele, akaweka ski zake mwanzoni mwa mteremko, akainua mkono ili wengine wasubiri amri yake. Mkono ukabaki hewani. Hakuna aliyesogea. Alielewa. Akaushusha.

Solène alimpita. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imara.

"Leo naongoza mimi, baba."

Alitazama mteremko kwa muda, akachoma theluji kwa fimbo, akasikiliza. Kisha akaelekeza kwa mkono. "Tutapita kushoto, karibu na miamba. Mmoja mmoja. Mtu asikate kona yangu."

Akajiachia. Theluji ikapanda nyuma yake kama moshi mweupe, na mistari yake ikachora upinde baada ya upinde, chini, chini, mpaka akawa nukta iliyosimama mahali salama ikipunga mkono.

Aurèle Gaspoz alitazama zile nyayo za binti yake. Kisha akaingia humo, ski ya kushoto, ski ya kulia, akazifuata.